UZI: Anayeuguza mwenye skizofrenia nani anampa pole? Mzigo wa nyumbani, maneno ya mtaani na kugawana kazi

#1 MkekaWaUani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za ugonjwa wa akili humu ndani ni nyingi na karibu zote huishia kwenye ubishi wa majini na bangi. Huu ni wa wanaouguza mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na shuku zisizo na msingi: mama, mke, dada, kaka aliyebaki nyumbani.

Angalieni jambo moja. Mtu akivunjika mguu, kabla ya magharibi uani pameshajaa. Jirani kaja na machungwa, shangazi kaja na kuku, jumuiya imeleta bahasha. Yupo wa kufua, yupo wa kulala hospitali. Kijana huyohuyo akianza kusikia sauti na kubishana na ukuta, geti linafungwa kwa ndani. Haji mtu, na wa ndani hawamwiti mtu.

Ndiyo maana nasema unyanyapaa hauishii kuumiza moyo, unaondoa mikono. Kazi ambayo kwa mgonjwa wa mguu ingegawanywa kwa watu kumi inamwangukia mmoja, na mara nyingi ni mama au binti ambaye hajaolewa. Ihesabuni: dawa asubuhi na jioni, kupika, kufua mashuka, kumbembeleza aoge, kumfuata akitoka, kukesha akikosa usingizi, na siku nzima ya kliniki kila mwezi. Mtu huyo anaacha genge lake, anaacha vikoba, harusini haendi, msibani anazika na kurudi mbio.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1963 kwamba aibu anayobandikwa mtu humpata pia aliye karibu naye. Kwetu tunaiona hivi: nyumba inageuka alama ya njia ("ukifika kwa chizi kata kushoto"), watoto wa jirani wanakatazwa kuja kucheza, mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba anataka kukarabati chumba, posa inapoa. Hata jina la hospitali limekuwa tusi. Tanzania ni Mirembe ya Dodoma, Kenya ni Mathari ya Nairobi. Basi familia inaficha barua ya rufaa kama hati ya kesi, na mgonjwa anachelewa kufika.

Lawama nazo humwendea mama: kamtoa kafara, kamdekeza, kamlaani. Msidhani huo ni ushamba wetu peke yetu. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann, akiwa Marekani, aliandika juu ya mama anayemsababishia mwanawe skizofrenia, na wataalamu waliishika dhana hiyo miaka mingi kabla ya kuitupa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 300 anao. Huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini, wavulana mapema kuliko wasichana, yaani palepale ambapo familia ilikuwa inangoja matunda ya ada.

Karibuni wenye ujuzi. Tusilete za "mimi na shemeji yangu", tulete kinachofanyika.

#2 Kijana wa Keko

Mkuu, kwenye posa ndipo penye moto. Washenga wakiuliza "kwenu kuna nini" mnajibuje? Unarithiwa au haurithiwi?

#3 SindanoYaMwezi

Unarithiwa kwa kiasi. Kwa mtu yeyote, uwezekano wa kuupata katika maisha yake yote hukadiriwa kuwa karibu 1 katika 100 (ile 1 kwa 300 ni walio nao sasa hivi). Mwenye kaka, dada au mzazi mmoja mgonjwa, ni karibu 10 katika 100. Mpwa na binamu ni chini ya hapo. Mapacha wa kufanana, ambao damu yao ni moja, mmoja akiumwa mwenzake huumwa takriban nusu tu ya nyakati. Kwa hiyo binti anayeposwa ambaye kaka yake anaumwa ana karibu 90 katika 100 za kutoupata.

Washenga waambiwe kwa sentensi moja na mtu mzima wa familia, kabla ya mahari: "Yupo ndugu yetu ana ugonjwa wa akili, anatibiwa." Ukificha, itajulikana baada ya ndoa, na hapo kesi haitakuwa ya ugonjwa tena, itakuwa ya kudanganywa.

#4 SindanoYaMwezi

Nirudi ndani ya nyumba, maana kelele nyingi hazianzi kwa zile sauti. Zinaanza kwa vitu viwili ambavyo familia inavisoma vibaya.

Cha kwanza ni "uvivu". Skizofrenia ina dalili za kuongeza (sauti, shuku, imani zisizo na msingi) na dalili za kupunguza: ari imekufa, uso hauna hisia, maneno machache, kuoga mpaka asukumwe. Watu huelewa kwamba sauti ni ugonjwa. Kulala mpaka saa sita mchana hawaelewi, wanaita jeuri, na ndipo matusi yanapoanza. Dawa zetu za kawaida, haloperidol na chlorpromazine, zinatuliza sauti vizuri kuliko zinavyorudisha ari. Kwa hiyo msingoje siku atakayoamka anafagia uwanja. Mpe kazi moja, ndogo, saa ileile kila siku: kuchota ndoo moja, kuchambua mchele wa jioni. Ikikaa wiki mbili, ongeza ya pili.

Cha pili ni madhara ya dawa. Haya mnatakiwa kuyatambua kwa macho:

– Shingo inapinda upande, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa mzito. Huja siku za mwanzo za haloperidol au baada ya sindano. Mtaani wanasema "yamepanda". Hayajapanda, ni misuli. Mrudisheni kituo cha afya siku hiyohiyo, kuna dawa ya kuilegeza haraka.

– Hatulii. Anakaa, anasimama, anapiga hatua chumbani, miguu inacheza hata akiwa mezani. Mkimwona mnadhani amezidiwa, mnaomba dozi iongezwe, na hali inakuwa mbaya zaidi. Mwambieni daktari neno kwa neno: "hawezi kukaa kitako."

– Mate yanamtoka, mikono inatetemeka, anatembea kama ubao. Hapa ndipo anapopewa Artane, kidonge cha kupunguza madhara haya. Artane isiongezwe kienyeji, ikizidi inaleta ukungu wa macho, mkojo kuziba na kuchanganyikiwa upya.

– Binti amekosa hedhi miezi mitatu. Risperidone na haloperidol zinaweza kuikata na hata kutoa maziwa kifuani. Nyumba nyingi zinamvamia kwa maswali ya mimba. Pimeni mkojo kwanza kwa utulivu, kisha mpeleke taarifa kliniki.

– Homa kali, mwili umekakamaa kama gogo, jasho, hajui yuko wapi. Ni nadra lakini inaua. Simamisha dawa, nenda hospitali usiku huohuo, taja dawa anazotumia. Msikae kutibu malaria nyumbani.

Chlorpromazine pia inaunguza ngozi juani. Wa shambani avae kofia na mikono mirefu.

#5 TaaYaKibatari

Nakazia hapo kwenye "uvivu". Hicho ndicho kinachovunja nyumba.

Swali, mkuu: asiyekubali vidonge, wengi wanamsagia kwenye uji. Sahihi?

#6 SindanoYaMwezi

Inafanyika sana na inaharibika kwa njia tatu. Akibakiza nusu ya uji hujui amemeza kiasi gani. Vidonge vingine vinabadili ladha. Na siku atakapoona unga chini ya kikombe, mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia "wanakutilia sumu" amepata ushahidi. Hali tena chakula cha mama yake.

Njia iliyo safi zaidi ni kuulizia sindano ya muda mrefu, ile ya fluphenazine ambayo wengi huiita Modecate au sindano ya mwezi. Ni dawa iliyo kwenye mafuta ya ufuta, inachomwa ndani ya msuli wa tako, kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa kawaida huanza kwa dozi ndogo ya kujaribia, miligramu 12.5, ili waone mwili unavyopokea. Mkumbushe muuguzi upande uliochomwa mara ya mwisho, mbadilishane. Pasisuguliwe baada ya kuchomwa. Kwa anayeuguza, faida yake ni kwamba ugomvi wa mara mbili kwa siku unakuwa wa mara moja au mbili kwa mwezi.

Ila kuna mtego. Dawa hukaa mwilini wiki nyingi. Akiruka sindano leo, wiki ya tatu bado mzima, wiki ya sita bado mzima, na kila mtu anasema kapona. Anarudiwa mwezi wa nne na hakuna anayekumbuka ile sindano. Utafiti wa Robinson na wenzake wa 1999, uliowafuata wagonjwa wa mara ya kwanza, uliona kuacha dawa kunaongeza hatari ya kurudiwa karibu mara 5.

#7 Bi wa Ng'ambo

Assalaam aleikum. Niongeze la upande wetu wa Unguja, maana watu wanadhani utafiti wote ni wa Ulaya.

Kuanzia kazi za George Brown huko London, watafiti waligundua kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba yenye maneno makali, uadui, au kushikiliwa mno kama mtoto mchanga, hurudiwa zaidi. Vaughn na Leff, 1976, wakaona hatari ni kubwa kwa anayekaa ana kwa ana na jamaa wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa wiki. Hizo ni saa 5 kwa siku. Nyumba ya vyumba viwili inazimaliza kabla ya adhuhuri.

Halafu Juli McGruder, Mmarekani, akaja Zanzibar kukaa na familia za wagonjwa. Alikuta nyumba ambazo hazikuwa na makali hayo. Watu walisema huu ni mtihani wa Mungu, au ni masheitani ambayo kila binaadamu yanaweza kumpitia, basi mgonjwa hakuonekana kuwa mtu wa aina nyengine. Walimwandikia kombe, yaani aya za Kurani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji akanywa, na siku akiwa na nafuu akaachwa awe na nafuu, bila ya kuulizwa kila saa "leo vipi kichwa?"

Sisemi kombe linatibu skizofrenia. Nasema kombe halikumlaumu mtu. Anayekwenda Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili, kuchukua dawa na jioni akasomewa, hapana linalogombana hapo. La hatari ni yule mganga anayesema "acha dawa za hospitali au yangu haitafanya kazi", na yule anayetaja jina la shangazi kwamba ndiye aliyeroga. Huyo amekuondoleeni mikono miwili mingine ya kusaidia, na labda umoja wa ukoo mzima.

#8 Mzee Kipara

Wengine mtaongea vitabu tu. Mtu anashika panga, mnasema "msimlaumu"? Kamba ndiyo dawa.

#9 MkekaWaUani

Mzee wangu, shikamoo. Hofu hiyo ni ya kweli, wala haisemwi vya kutosha. Wengi wenye ugonjwa huu hawamgusi mtu, na wao hupigwa mara nyingi kuliko wanavyopiga. Ila asiyetibiwa, mwenye bangi au pombe juu yake, hatari yake inapanda.

Kamba na mnyororo vinakata ngozi, vidonda vinaoza, misuli ya miguu inasinyaa, na anayefunguliwa anatoka akiwa na hakika kwamba nyie ndio maadui ambao sauti zilimwambia. Badala yake, mpango uandikwe siku akiwa na nafuu:

Panga, shoka, visu na mchi vitoke chumbani leo, si siku ya vurugu. Dawa zake zote, sumu ya panya na dawa za shamba zifungiwe, ufunguo kwa mtu mmoja. Hili si la panga peke yake: karibu 5 katika 100 ya wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na kipindi kibaya ni miaka ya mwanzo na wiki za baada ya kutoka wodini, pale anapoelewa kilichompata.

Akichemka, aongee mtu mmoja tu, wengine watoke. Zima redio. Usisimame mlangoni ukamzibia njia. Usimshike bega kwa nyuma. Sauti ya chini, sentensi fupi. Akisema "wanakuja kunichukua", usimwambie "acha upuuzi" wala "ndiyo, nawaona". Sema: "Mimi siwaoni, lakini naona unaogopa. Tukae hapa." Ikishindikana, balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa awe ana taarifa tangu zamani, ndiye atakayepiga simu polisi na kuwaeleza kwamba ni mgonjwa, si mwizi. Neno hilo moja linaokoa maisha mtaani kwetu.

#10 Nyawira254

Hujambo wadau. Naongezea kutoka huku Kenya: dalili za kurudiwa haziji zote siku moja. Kila mgonjwa ana mpangilio wake, na mara nyingi unajirudia vilevile. Familia ikae chini iandike ishara tatu au nne zake. Kwa mmoja ni kulala chini ya masaa manne kwa usiku, siku mbili mfululizo, kuficha simu, kukataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Kwa mwingine ni kuanza kufunga na kusali usiku kucha ilhali hakuwa hivyo. Ishara mbili zikionekana pamoja, msingoje tarehe ya kliniki. Na anayetafuna miraa akaongeza fungu, hiyo ni ishara pia.

Muwe na daftari, la karatasi, si la kwenye simu. Mstari mmoja kwa siku: tarehe, saa alizolala, dawa asubuhi na jioni kwa alama, amekula, neno moja la hali. Daktari wa kliniki yenye foleni anakupa dakika chache, na "amekuwa vibaya vibaya tu" haimsaidii. "Tangu tarehe 9 analala masaa matatu tu kwa usiku" inamfanya abadilishe dozi.

#11 TaaYaKibatari

Na anayeuguza mwenyewe? Hapa tumemsahau tena, na uzi ulikuwa wake.

#12 SindanoYaMwezi

Kweli, dada, tumemruka.

Kuna kipimo cha mzigo wa anayeuguza, kinaitwa cha Zarit, maswali 22, kila jibu alama 0 hadi 4, jumla 88. Kinauliza vitu kama: unahisi huna muda wako? unaona aibu kwa tabia yake? una hasira ukiwa karibu naye? afya yako imeharibika? Alama 61 na kuendelea huhesabiwa mzigo mzito sana. Hata bila karatasi, tazameni haya: amepungua au kunenepa ghafla, presha imepanda, analala na viatu mlangoni, hacheki, anajibu kabla hujamaliza kuuliza, dawa zake mwenyewe za presha anasahau huku za mgonjwa hakosei hata moja.

Kuna wazo ambalo huwajia wengi nao hawalitamki: "bora Mungu amchukue." Si laana na si uchawi, ni dalili kwamba mzigo umezidi kimo. Litamkwe kwa muuguzi wa kliniki au mtu mmoja anayeaminika. Likigeuka "bora tuondoke wote", hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, na anayepelekwa hospitali ni yeye.

Na kuna huzuni yake. Msiba una matanga, una arobaini, una siku ya kuanua. Hapa kijana aliyekuwa anaongoza hesabu kidato cha nne kaondoka, na mwili wake bado unakula ugali mezani. Mama hana siku ya kulia. Akilia anaambiwa "mshukuru Mungu yuko hai". Ndugu mkienda, mwacheni amzungumzie yule wa zamani, msimkatize.

#13 Nyawira254

Vikundi vya familia vinasaidia hapo kuliko ushauri wa mtu mmoja. Utaratibu wa McFarlane, daktari wa akili wa Marekani, ni huu: familia 5 hadi 8 pamoja na wagonjwa wao, kila wiki mbili, dakika 90, waongozaji wawili. Dakika 15 za kupiga soga za kawaida (mpira, bei ya unga, si ugonjwa, na msiziruke), 20 za kila nyumba kusema wiki imeendaje, 5 za kuchagua tatizo moja, 45 za kulitafutia njia, 5 za kuagana. Tatizo liwe dogo na la kushikika: "anawasha redio saa tisa usiku", si "amekuwa mbaya". Kila mtu anatoa pendekezo, yote yanaandikwa hata ya kuchekesha, kisha nyumba husika inachagua moja ya kujaribu. Tanzania, mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ulijaribu elimu ya familia ya namna hii Dar es Salaam na Mbeya.

Vikundi vingi hufia kwenye nauli na siku. Mkikutana siku ileile ya kliniki, palepale hospitali, nauli ni moja.

#14 Kijana wa Keko

Na jirani? Mtu anataka kutoa taarifa mtaani bila kuwa habari ya bombani.

#15 MkekaWaUani

Si wote waambiwe. Chagua wanne: jirani wa ukuta, balozi, mwenye duka anakonunua sigara, na mmoja wa jumuiya au msikitini. Awaambie mtu mmoja, akiwa ametulia, mchana, si siku ya vurugu. Maneno machache: "Juma anaumwa ugonjwa wa akili, yuko kwenye dawa. Akiongea peke yake mwacheni. Mkimwona barabarani usiku, nipigieni namba hii. Watoto wasimtanie." Basi. Jina la ugonjwa na historia ya ukoo si haki ya mtu yeyote.

Mwenye duka anasahaulika sana, na ndiye wa kwanza kuona mabadiliko: aliyenunua sigara mbili sasa ananunua nane, au ghafla anakataa kupokea chenji kwa sababu "hela ina macho".

Halafu ndugu wa mbali. Wale wanaotuma "tuko pamoja" kwenye kundi la ukoo na kutokea Krismasi na Idi wakiwa na lawama. Hao wapewe mstari kwenye karatasi. Wa Mwanza atoe nauli ya kliniki, kiasi kitajwe, tarehe 1 kila mwezi. Wa hapa mjini amsindikize kliniki mwezi mmoja, aruke mmoja, ili mama abaki nyumbani siku hiyo. Binamu ambaye hana kazi aje kukaa naye mchana. Asiyeweza chochote afuate dawa pale stoo ya hospitali inaposema zimeisha, maana zinaisha, hata kwa wanaostahili kutibiwa bure.

#16 TaaYaKibatari

Jirani akiuliza "nikusaidie nini?" wengi wanajibu "niombee tu".

#17 MkekaWaUani

Aombe, lakini apewe na saa. "Jumanne, saa nane mpaka saa kumi na moja, njoo ukae naye uani, mcheze bao. Dawa ya jioni nitampa nikirudi." Mama akitoka mlangoni asiende sokoni. Akalale kwa dadake.